Mfinyanzi asiyeona na elimu ya makumbusho: kisa kutoka Iringa

Siku ya tatu ya mafunzo kwa vitendo ya mfinyanzi asiyeona, mwanafunzi wa uzamili niliyemsimamia, tulikwenda Isimila, eneo la zana za mawe za kale, na wanafunzi 18 wa kidato cha kwanza. Kutoka mjini Iringa ni mwendo wa kilomita 20 hivi, barabara ya Mbeya. Mwongozaji wa pale alimpa jiwe mojawapo wanalopewa wageni kushika, shoka la mkono. Alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akatafuta mahali panapokaa kiganja. Halafu akaanza kusema. Kwa dakika kumi alieleza lilipogongwa kwanza na lilipogongwa mwisho, upande upi ni mzito, na kwa nini ncha imelala kidogo upande mmoja. Watoto walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Kwenye gari wakati wa kurudi nilimuuliza kijana mmoja lile jiwe lilikuwaje mkononi. Akajibu, "Madamu amesema ni kama tone la maji." Nikamuuliza wa pili. Naye akaanza na "amesema". Madamu mwenyewe alikuwa ameketi kiti cha mbele, akasikia yote, na hakutamka neno mpaka tulipofika stendi. Alipoteremka aliniambia, "Mwalimu, leo nimewanyang'anya jiwe."

Nimeamua kuandika kisa hiki kuanzia siku hiyo kwa sababu watu wengi wanaomfahamu hukianzia kwingine. Hukianzia kwenye vikwazo: asiyeona aliyefika hadi shahada ya uzamili. Vikwazo vilikuwepo na nitavigusa. Lakini nilikuwa msimamizi wake wa mafunzo kwa miezi mingi, na naamini kigumu zaidi alichojifunza kilihusu mikono yake mwenyewe. Ilijua mengi mno, na ikabidi aifundishe kusubiri. Kwa ombi lake sitamtaja jina. Nitamwita Mfinyanzi, maana ndivyo anavyojitambulisha hata kabla ya kusema kwamba haoni.

Alizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, kwa Wakisi. Anayeijua Matema na Ikombe anajua vyungu vya wanawake wa kule, vinavyosafiri kwa mitumbwi na magari kwenda minada ya mbali. Bibi yake alikuwa mmoja wao. Mjukuu alipopoteza uoni akiwa na miaka 9, kwa presha ya macho, bibi hakumwondoa kwenye udongo. Alimfundisha kupima ukuta wa chungu kwa vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje, akipanda polepole kutoka kitako hadi mdomo. Ukuta ukiwa mnene mahali pamoja na mwembamba pengine, chungu hupasuka kwenye moto. Bibi alikuwa akisema moto hauna aibu, utakutangaza.

Akapelekwa Buigiri, Dodoma, kwenye shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1950, akajifunza nukta nundu. Akapita sekondari, akachukua shahada ya ualimu, akapangiwa kazi Iringa. Jioni na wikiendi alifinyanga. Vyungu vyake viliuzwa, vinyago vya udongo vikaanza kuagizwa na watu wa hoteli. Iringa ni mji uliozoea kuona mtu mwenye ulemavu akiishi kwa kazi ya mikono. Karakana za Neema Crafts zimekuwepo tangu mwaka 2003. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba asiyeona anafinyanga. Walishangaa aliposema anakwenda kusoma uzamili wa urithi wa utamaduni na kujikita katika elimu ya makumbusho. Jamaa yake mmoja alimuuliza atafanya nini mahali ambapo kila kitu kiko nyuma ya kioo. Alijibu kwamba ndiyo sababu anakwenda.

Chuoni, mwaka wa kwanza ulikuwa wa kuchosha. Masomo mengi yalitumwa kama picha za kurasa zilizopigwa kutoka vitabuni, na programu inayomsomea skrini ilipofika pale ilitamka tu kwamba ukurasa ni mtupu. Wenzake wawili walijitolea kumchapia. Darasani mhadhiri alionesha picha ukutani akisema "kama mnavyoona hapa," na Mfinyanzi akajizoeza kunyosha mkono na kusema, "Mimi sioni, naomba utusimulie." Yalirekebishwa mengine, mengine hayakurekebishwa mpaka alipomaliza. Naomba msomaji asiyaite huruma yale yaliyorekebishwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja makumbusho waziwazi. Mwanafunzi huyu alidai haki iliyokwisha kuandikwa.

Mambo mawili aliyoyasoma ndiyo yaliyomgeuza.

La kwanza ni habari ya Museo Omero, makumbusho ya kugusa iliyoko Ancona, Italia. Ilianzishwa mwaka 1993 kwa juhudi za Aldo Grassini na mkewe Daniela Bottegoni, wote wawili wasioona, wapenzi wa safari waliochoka kuambiwa wasiguse kila waendako. Mle ndani mgeni anashika nakala za sanamu za Michelangelo kwa ukubwa wake halisi. Alinipigia simu usiku kunieleza. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, kama mtu aliyepata barua ya ndugu aliyedhaniwa kapotea.

La pili lilimkasirisha. Ni mbinu ya kufundishia sanaa iliyojengwa na mwanasaikolojia Abigail Housen pamoja na Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza elimu katika Museum of Modern Art ya New York. Mwalimu anasimama na kundi mbele ya picha, hatoi mhadhara, anauliza maswali matatu tu: kuna nini hapa, unaona nini hata ukasema hivyo, na kuna nini zaidi. Akisha kuuliza, anasikiliza na kurudia kwa maneno yake kile mgeni alichosema. Mfinyanzi aliikataa palepale. Swali la pili limejengwa juu ya jicho, akasema, na mimi limeniacha nje ya mlango. Mhadhiri wake hakubishana naye. Alimwambia aibebe ile mbinu nyumbani, akalale nayo, atafute kitenzi kingine.

Ilimchukua wiki mbili. Akarudi na hili: "Umeshika wapi hata ukasema hivyo?"

Nimelitumia swali hilo mara nyingi tangu wakati huo na bado linanishangaza. Linamtaka mgeni arudi na kidole chake kwenye jiwe, kwenye mahali hasa, aweke ushahidi. Na mwenzake anaweza kuweka kidole palepale akakubali au akakataa. Ndani ya swali hilo nilianza kumwona mwalimu, maana msanii nilikuwa namjua siku nyingi.

Tukarudi Isimila na watoto wengine. Safari hii aliwagawa wanne wanne, kila kundi jiwe moja. Nilipendekeza tuwafunge vitambaa machoni, nikidhani nitamfurahisha. Akakataa kabisa. "Kitambaa kitawafundisha hofu ya dakika kumi," alisema. "Kushika ni ufundi mwingine, na unafundishika macho yakiwa wazi." Aliwaonesha namna: mkono uliolegea, kuzunguka umbo lote kwanza ili kujua mwisho wake uko wapi, kisha kurudi kwenye sehemu ndogondogo kwa ncha za vidole. Halafu akauliza hapa pana nini, akanyamaza.

Msichana mmoja alisema kuna mahali kidole gumba kinaingia. Akaulizwa ameshika wapi, akaonesha. Jirani yake akajaribu, akasema si kweli, chake hakiingii. Wakabishana. Ikaja kugundulika kwamba jirani anatumia mkono wa kushoto. Basi kundi zima likaanza kuulizana kama aliyelichonga jiwe alikuwa wa kulia, kama watu wa kale walikuwa na wa kushoto kati yao, kama jiwe linaweza kuwa na upande wa mkono. Mawe hayo hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi, na hapo watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wakiyahoji kama wazee wa baraza. Mfinyanzi alikuwa na maoni yake juu ya hilo, nayajua, alinieleza baadaye kwa saa nzima. Lakini pale hakusema kitu. Niliitazama mikono yake. Alikuwa ameikumbatia fimbo yake nyeupe kwa yote miwili, vidole vimebana hadi kucha zimebadilika rangi.

Mambo mazito zaidi yalitokea kwenye makumbusho tunayofanyia kazi, na hapa kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa na chungu cha Kikisi kabatini. Lebo ilisema: Chungu. Udongo. Ziwa Nyasa. Aliomba akishike, nikamwambia utaratibu hauruhusu. Nilisema kwa upole, lakini nilisema bila kufikiri, kwa sababu ndilo jibu tunalojua. Akaniuliza utaratibu unalinda chungu dhidi ya nini. Nilianza kujibu nikagundua naweza kueleza juu ya jasho na mafuta ya ngozi, juu ya chumvi inayokula chuma, lakini juu ya chungu hiki mahususi sijui hatari yake ni ipi wala ni kubwa kiasi gani. Ilibidi nikae na mhifadhi wetu, tukipitie kwa darubini ya mkono, ndipo tukakubaliana: mikono ioshwe na kukaushwa, pete na saa vivuliwe, meza itandikwe godoro jembamba, na chungu kisinyanyuliwe kamwe kutoka juu ya godoro.

Alikipima kwa vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje, kuanzia kitakoni. Nilikuwa nimekipita chungu kile kila siku kwa miaka. Katikati ya safari vidole vyake vilisimama. Vikarudi nyuma, vikaenda tena. "Hapa pamezibwa," akasema. Mhifadhi alisogeza taa. Ilikuwa kweli: pande la ukubwa wa sarafu, limezibwa kwa kitu kingine na kupakwa rangi kwa ustadi, wala daftari letu la kumbukumbu halikutaja popote. Chungu chetu "kizima" kilikuwa kimetobolewa, kikatengenezwa na mtu aliyekihitaji.

Nilidhani atadai kiwekwe wazi kwa wageni wote. Alikuwa akisugua vidole gumba juu ya vya shahada, polepole. Akasema, "Nimeondoka na rangi yake. Inachujuka. Msiwape watu hiki." Mtu aliyenyimwa kugusa maisha yake yote ndiye aliyetuambia tusiruhusu kuguswa. Nadhani hapo ndipo nilipoacha kumwona kama mtetezi wa kundi fulani na kuanza kumwona mwenzangu wa kazi.

Akafinyanga nakala. Tatu. Ya kwanza ni ya kuzunguka kwa mikono miwili. Ya pili aliiacha na lile tundu, kisha akaliziba, ili mgeni alitafute. Ya tatu aliikata katikati kwa waya udongo ukiwa bado mbichi, akachoma nusu zote mbili, ili mtu yeyote aweke kidole ndani na kidole nje aone jinsi ukuta unavyopanda kutoka unene hadi wembamba. Nimefanya kazi hii miaka 11 na sijawahi kuona kionesho kinachoeleza ufinyanzi vizuri kama kile kipande kilichokatwa. Kinafundisha kwa sababu aliyekitengeneza alikuwa tayari kuharibu chungu kizuri ili swali liulizike.

Kulikuwa na gharama ambayo sikuiona kwa muda mrefu. Mwaka ule hakufinyanga kitu chake hata kimoja. Siku moja mhadhiri wake alimtembelea, akamuuliza kazi mpya ziko wapi, naye akajibu, "Nimekuwa mnakili." Mimi msimamizi nilikuwa nikijaza fomu za tathmini, nikimpa alama za juu kwa nakala zilezile zilizokuwa zinamkausha. Hakuna mahali kwenye fomu panapouliza msanii amebaki na nini. Tulibadilisha ratiba, siku mbili kwa wiki zikawa za karakana yake. Tulichelewa, na nasema hivyo kwa masikitiko.

Igeleke hatukufaulu. Kuna michoro ya kale kwenye mwamba kule, karibu na mji, na michoro haiguswi. Mkono wa mtu mmoja leo na mwingine kesho huifuta. Akafinyanga vigae vyenye michoro hiyo ikiwa imeinuka, ili wasioona waifuate kwa kidole. Vilikuwa vizuri. Wanafunzi wanne wasioona walivishika, na tulipowauliza watu wa kale walifanya nini, wote walisema walichonga. Kigae kilikuwa kimewadanganya. Rangi iliyopakwa juu ya jiwe haina mwinuko, na ukiipa mwinuko umeshasema jambo lisilo kweli juu ya mtu aliyeipaka. Alijaribu mchanga uliogandishwa kwa gundi, akajaribu uzi. Mwishowe aliandika sura nzima ya tasnifu yake juu ya kushindwa huko, ingawa mtu mmoja alimshauri aiondoe ili kazi ionekane imara. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura bora kuliko zote.

Na Kalenga. Msomaji wa nyanda za juu hahitaji kuelezwa, lakini kwa wa mbali: pale ndipo lilipohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyewashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ngome yake ikaanguka mwaka 1894, naye akajiua mwaka 1898 asikamatwe. Kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe. Kilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kulitafuta fuvu katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa wa Mkwawa, na likakabidhiwa kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi.

Niliuliza, kwa nia njema, kama afikirie nakala ya kushika pale kwa ajili ya wageni wasioona. Alinyamaza muda mrefu kiasi cha mimi kuona aibu. Akaniambia kwamba kichwa kile kimeshikwa na kupimwa na mikono ya kutosha. Kioo cha Kalenga, alisema, hakimzuii asiyeona peke yake. Kinamzuia kila mtu, na hapo ndipo penye heshima yake. Somo alilolipanga kwa Kalenga halina kitu cha kushika. Wageni wanasimama, wanasimuliwa kwa utaratibu kilicho mbele yao, kisha wanaombwa kuhesabu pamoja kwa sauti ya chini kuanzia 1898 hadi 1954, mwaka mmoja mmoja. Nilihesabu nao siku ya kwanza. Ukifika 1919 unadhani umemaliza, kumbe bado miaka 35.

Tasnifu ilipita, na marekebisho machache. Akapewa wazo la kazi ya kuongoza wageni wasioona, akalikataa kwa adabu, akisema anataka wageni wote au asipewe yeyote. Nafasi hiyo ya wageni wote bado haipo kwenye bajeti yetu. Amerudi shuleni kwake kufundisha, na huja kwetu Alhamisi mchana. Nimeandika barua tatu kuhusu nafasi hiyo na nitaandika ya nne.

Anafinyanga tena. Mwezi uliopita alileta mtungi mkubwa, wa mviringo, nje umelainishwa kwa kokoto mpaka unateleza. Kazi yote iko ndani. Alichora kwa vidole na kijiti ukuta wa ndani wakati mtungi ungali wazi, kisha akaendelea kupandisha pindo za udongo na kufunga mdomo. Udongo ulikauka, ukachomwa, ukasinyaa kama udongo wote unavyosinyaa. Sasa mdomo unapitisha mkono wa mtoto tu. Mkono wake mwenyewe hauingii.

Anauweka sakafuni, anaketi kando yake, na watoto wanaingiza mkono mmoja mmoja na kumweleza wanachokipata. Yeye anarekodi kwenye simu. Alhamisi iliyopita kijana wa darasa la nne alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akafumba macho bila kuambiwa, akasema kuna njia inazunguka inazunguka, halafu inakatika, na chini ya pale ilipokatika kuna alama ya kidole kizima.

Mfinyanzi alimwomba arudie. Hakumbuki kuiacha alama hiyo.